Nani hasa alianzisha vita vya Pangani mwaka 1888? Tuusome upya utenzi wa Hemedi bin Abdallah

Mwanamrima

Wakuu, salaam kwenu.

Shule ilituzoesha sentensi moja: Abushiri aliongoza upinzani dhidi ya Wajerumani huko Pangani, akashindwa, akanyongwa. Hakuna uongo hapo, ila sentensi hiyo inaidaka habari katikati. Abushiri bin Salim al-Harthi alipojitokeza Septemba 1888, mji wa Pangani ulikuwa umeshaasi, na haukumwomba ruhusa yeye, wala wali (liwali wa Sultani mjini), wala Sultani wa Unguja. Naomba tulijadili hili kwa kina. Naona hapa ndipo kilipo kiini cha vita vile, na ndipo ulipo ugumu wa kuusoma utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy kuhusu Wadachi, yaani Wajerumani, kuitamalaki Mrima, pwani inayoelekea Unguja.

Tuanzie kwenye mkataba. Tarehe 28 Aprili 1888, Sultani Khalifa bin Said alitia saini hati ya kuikodisha Mrima kwa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kwa miaka 50. Alikuwa na mwezi mmoja tu kwenye kiti. Nduguye Barghash alifariki Machi mwaka huohuo. Barghash mwenyewe alikuwa ameshavunjwa nguvu tangu Agosti 1885, manowari za Kijerumani zilipotia nanga mbele ya kasri lake na kumlazimisha akubali mikataba ambayo Carl Peters, mwanzilishi wa kampuni hiyo, aliikusanya bara kwa machifu wa Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Kwa hiyo Khalifa alirithi kiti ambacho miguu yake ilikuwa imeshakatwa.

Sasa angalieni masharti yenyewe. Kampuni ilipewa forodha, ilipewa mahakama, ilipewa haki ya kuteua maofisa na kusimamia ardhi. Yote hayo ifanye kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake nyekundu. Yaani mtu wa Pangani aamke asubuhi, aikute bendera ileile, lakini anayemhukumu na kumtoza ushuru ni karani wa kampuni aliyeshuka juzi kutoka melini. Mamlaka yamekopwa kwa mwenye jina, aliyekopa hana heshima mjini, na mwenye jina yuko ng'ambo ya bahari hawezi kusema kitu. Mimi naamini uasi ulizaliwa katika upenyo huo.

Nitaendelea na kilichotokea Pangani. Karibuni.

---

Kijana wa Ilala

Mkuu, nipo hapa. Ila jambo moja kabla hujaenda mbali: huyu Abushiri si alikuwa mwenye mashamba na watumwa? Kwangu mimi hapo ilikuwa ni mabwana wawili wakigombea mgongo wa mtu mweusi. Sioni cha kusherehekea.

---

Mwanamrima

Mkuu Kijana wa Ilala, swali lako ni zito, nitalirudia kwa kirefu. Acha kwanza nimalize Agosti.

Kampuni ilichukua miji ya pwani kuanzia tarehe 16 Agosti 1888. Pangani alipelekwa Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo. Wali wa Pangani, Abdulgawi bin Abdallah, alikataa kuwa chini ya kampuni. Huyu hakuwa mwasi. Alikuwa mtumishi wa Sultani anayetaka amri itoke kwa bwana wake, basi. Zelewski akaita manowari Möwe, wanamaji wakashuka na silaha kumsaka wali.

Zilikuwa siku za Idi ya kuchinja. Wanamaji waliingia msikitini na viatu, wakiwa na mbwa. Wakati huohuo kulikuwa na ugomvi wa mlingoti: bendera ya kampuni ipandishwe wapi, ya Sultani ibaki wapi. Anayeishi leo anaweza kuona mlingoti ni jambo dogo. Kwa mji wa Mrima wa wakati ule, bendera juu ya nyumba ya wali ilikuwa ndiyo hati ya kwamba mji una mwenyewe na wenyeji wana haki zao mbele yake. Majumbe, yaani wakuu wa wenyeji, walikuwa na sehemu yao ya hongo (ushuru wa njia) kwa misafara, waungwana walikuwa na nafasi zao katika sherehe na baraza, na yote yalishikana chini ya heshima ile. Kampuni ikaja na tangazo la kuandikisha ardhi, mwenye hati aoneshe hati, na asiyekuwa nayo mali yake iwe ya kampuni. Ni wangapi Pangani walikuwa na hati ya shamba la babu?

Wanamaji waliporudi melini, mji ukafanya mambo yake. Mwanzoni mwa Septemba watu walimfungia Zelewski na wenzake ndani ya nyumba. Hawakuwaua. Sultani akamtuma jenerali wake Mwingereza, Lloyd Mathews, aje na askari kutuliza hali. Mathews alifanikiwa kuwatoa Wajerumani, kisha watu wakamtaka naye aondoke.

Hapo pana jambo kubwa. Watu walianza kwa kuitetea bendera ya Sultani dhidi ya kampuni. Ndani ya wiki chache wakamfukuza jenerali wa Sultani huyohuyo, huku wakisema waziwazi kwamba Unguja imeiuza nchi kwa Wazungu. Ule uasi wa kuilinda amri ya zamani uligeuka kuwa uasi dhidi ya mwenye amri.

Sasa, kundi lile lilikuwa la kina nani? Mwanahistoria Jonathon Glassman amelichimba sana hili, na picha inayotokea si ya Waarabu wenye mashamba wakiongoza watu wao. Walikuwemo vijana wa mji, maskini wa mji, watumwa na waliotoroka utumwani, watu wa vijiji vya Uzigua na Bonde, na wapagazi wa misafara waliojaa pwani msimu ule. Bagamoyo, ambako Wanyamwezi wa misafara walikuwa wengi, watu waliwashambulia Wajerumani tarehe 22 Septemba, manowari Leipzig ikashusha wanamaji, na zaidi ya watu 100 wakauawa. Kilwa, wageni kutoka bara walijaa mjini, na maofisa wawili wa kampuni wakauawa mwezi huohuo. Miji mbalimbali, karibu kwa wakati mmoja, na hakuna amiri jeshi mmoja.

Wakubwa wa Pangani waliliogopa kundi hilo karibu sawa na walivyowaogopa Wajerumani. Abushiri anaingia hapo. Alikuwa na shamba la miwa karibu na mji, alikuwa wa ukoo wa al-Harthi ambao ugomvi wake na Busaidi, ukoo wa masultani, ni wa tangu enzi za Sultani Majid, na kwa miaka mingi alikuwa haitambui amri ya Unguja. Alikuwa mtu pekee mwenye jina kubwa ambaye kundi lingeweza kumkubali, kwa sababu hakuwa mtu wa Sultani.

---

Kivuko cha Bweni

Mimi ni wa Pangani. Ahsante kwa uzi. Niongeze tu jiografia, maana husaidia kuelewa. Mji uko ukingoni mwa mto, na ng'ambo ni Bweni. Mashamba makubwa ya miwa yalifuata bonde la mto. Ndiyo maana habari ya shambani ilikuwa haichukui muda kufika mjini: mto ndio uliokuwa njia. Mtumwa wa shamba na muungwana wa mji hawakuwa dunia mbili tofauti, walikutana forodhani kila siku.

Na bonde hilo lilikuwa limeshaona uasi kabla. Mwaka 1873 watumwa wa mashamba hayo waliwaasi mabwana zao. Hawakuwa wakisubiri Mzungu aje awafundishe.

---

Mwanamrima

Mkuu Kivuko, umenipunguzia kazi. Hiyo ya 1873 ndiyo nusu ya jibu kwa Kijana wa Ilala.

Ndiyo, Abushiri alikuwa na watumwa. Sitaki kulifunika. Lakini tusikubali na hadithi ya upande wa pili, kwamba Ujerumani ilikuja kuwakomboa. Januari 1889 bunge la Ujerumani lilipitisha marki milioni 2 kwa ajili ya vita hivi, na jina lililotumika kuwashawishi wabunge lilikuwa kukomesha biashara ya utumwa. Manowari za Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimeshaifunga pwani kwa sababu hiyohiyo. Hermann Wissmann, kamanda wa Kijerumani, akapewa fedha, akaajiri Wasudani wapatao 600 kutoka Misri na wapiganaji kutoka Msumbiji. Vita vikaisha. Utumwa je? Serikali ya Kijerumani haikuupiga marufuku hadi inaondoka. Ilichofanya ni kutoa amri mwaka 1904 kwamba watoto watakaozaliwa kuanzia 1906 wawe huru. Sheria ya kuufuta Tanganyika ilikuja 1922, chini ya Waingereza. Miaka 33 baada ya Abushiri kunyongwa!

Kwa hiyo sikuombi umsherehekee Abushiri. Nakuomba uwatazame waliomtangulia. Mtumwa aliyekuwemo katika lile kundi la Septemba hakuwa akimpigania bwana wa shamba la miwa. Alikuwa na hesabu zake mwenyewe, na vitabu vyetu vimemnyima nafasi kwa kulifanya jambo lote kuwa la mtu mmoja mwenye kilemba.

---

Mwalimu wa Shairi

Nimewasoma kwa furaha. Nifundishaye fasihi sina budi kuingia kwa upande wa utenzi, maana Mwanamrima ameutaja halafu ameuacha.

Hemedi bin Abdallah alikuwa mtu wa upande wa Tanga, mwanachuoni, na mtunzi mkubwa. Ndiye aliyetunga Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani, na Utenzi wa Kutawafu Nabii. Hebu fikirini hizo ni tenzi za namna gani: za mitume, maswahaba, majemedari, watu wanaotoka mbele ya majeshi wakajigamba, wakaitana majina, wakapigana. Hiyo ndiyo mashine aliyokuwa nayo mkononi, mizani nane, mishororo minne, mitatu ya kwanza ikiwa na kina kimoja, na wa nne ukibeba kina cha bahari kinachorudi ubeti hadi ubeti. Vita vilipomfikia mlangoni, alivitia katika chombo alichokizoea.

Chombo hicho kina desturi zake. Habari hupita vinywani mwa wakubwa: Sultani anasema, wali anajibu, barua inakwenda, mjumbe anarudi, Abushiri anaapa. Kundi la watu wa mjini halina kinywa katika utenzi wa vita. Likitajwa, hutajwa kama jeshi la fulani. Kwa hiyo Mwanamrima, ukiuliza "kundi liko wapi kwa Hemedi?" unamwuliza mshairi swali ambalo bahari yake haikuumbwa kulijibu.

Lakini tusimwonee. Angalia alichothubutu. Ni utenzi wa Kiswahili, wa mtu aliyeishi ndani ya habari, ambao unaanzia Unguja kwa Sultani na unauweka mzigo wa nchi kutwaliwa palepale mezani pa wakubwa. Mtu anayeishi chini ya Wadachi, ambao wamekwisha kunyonga watu, anakaa anatunga beti za jinsi walivyoingia kwa nguvu na ufidhuli. Huo nao ni uasi, ila ni uasi wa msomi.

---

Mwanamrima

Mwalimu, nakushukuru, na hapo kwa Sultani nakubaliana nawe kabisa. Hata hivyo bado nashikilia hoja yangu. Desturi ya utenzi si kitu kilichoanguka kutoka mbinguni. Ni desturi ya jamii iliyoamini kwamba vita halali ni vita vyenye mkubwa. Hemedi alihitaji uasi uwe na mwenyewe, mwenye nasaba, ndipo uimbike. Kundi lisilo na mkubwa lingekuwa fujo tu. Na ajabu ni kwamba Wissmann naye aliona vivyo hivyo: kwake ilikuwa "vita vya Waarabu", kwa sababu Mwarabu mmoja mwenye jina unaweza kumtangazia zawadi na kumnyonga, lakini kundi huwezi kulinyonga. Mshairi na adui yake walikubaliana kumpa Abushiri vita vyote.

---

Mto Matandu

Wakuu, naomba niingie na habari za kwetu kusini, kwa sababu naona mnakaribia jambo ambalo Wamatumbi wamelijua siku nyingi.

Maji Maji, 1905. Vitabuni: Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alianzisha vita. Nayo ni sentensi ya aina ileile ya Abushiri. Hebu tutazame mfuatano.

Mwaka 1904 Kinjikitile anashikwa na pepo Hongo, anaingia katika kidimbwi, anatoka akiwa hai na nguo kavu. Ndivyo wazee walivyowasimulia watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, akina Gwassa. Watu wanaanza kumiminika Ngarambe kutoka Rufiji, Umatumbi, Ungindo. Anawapa maji, anawafundisha kwamba Waafrika wote ni kitu kimoja, na anawafanyisha mazoezi ya vita. Habari inasambaa kwa kunong'onezana. Lakini anawaambia wangoje. Siku ikifika atasema.

Wamatumbi wakachoka kungoja. Mnajua walikuwa wakikabili nini: kulima pamba katika shamba la jumbe kwa amri ya akida, msimamizi aliyewekwa na Wajerumani, viboko, na malipo ambayo yalikuwa senti chache kwa kazi ya mwaka. Na kodi iko palepale. Mwishoni mwa Julai 1905, kijijini Nandete, wazee wakaingia shambani wakang'oa miche michache ya pamba. Michache tu! Hawakukusudia kuharibu shamba zima. Ile ilikuwa barua. Walijua akida wa Kibata atapata habari, atatuma watu, na vita vitaanzia hapo bila mtu yeyote kuweza kuvirudisha nyuma. Wakamlazimisha akida, wakawalazimisha Wajerumani, na wakamlazimisha Kinjikitile.

Tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro. Vita havikuwa na hata wiki mbili! Aliyeitwa kiongozi wa vita alikufa kabla vita havijafika Liwale, Mahenge wala Songea. Maji yaliendelea kusafiri bila yeye, kwa mahongo, yaani wajumbe wa maji, waliopita kijiji hadi kijiji.

---

Mwalimu wa Shairi

Mto Matandu, hapo umemgusa Ebrahim Hussein pabaya na pazuri. Tamthilia yake Kinjeketile ilitoka 1969, na kwa maoni yangu hakuna kazi ya Kiswahili iliyolishika swali la uzi huu kama ile.

Hussein hakuandika utenzi. Alikuwa na jukwaa, na jukwaani wasio na majina wanaweza kusema. Tamthilia inafunguka na wanawake wakizungumza habari ya njaa. Hakuna mkubwa. Ni njaa, na kazi ya shamba la Mjerumani inayowanyima watu nafasi ya kulima chakula chao. Kinjeketile anakuja baadaye, na anakuja kama jibu la hitaji lililokuwepo.

Kisha linakuja jambo ambalo linanishika kila nikilisoma. Akiwa amepandwa na pepo anatoa maneno, watu wanayapokea kama ahadi. Pepo anapomtoka, anaambiwa alichokisema, na humo mna maneno kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anashtuka. Maana yake ni kumtoa bwana mmoja na kumwingiza mwingine. Anaanza kulitilia shaka neno lake mwenyewe, anataka lisimame kwanza, mwenzake Kitunda awafunze watu kupigana, makabila yaungane. Lakini watu wameshalichukua. Hapo Hussein anamfanya aone kwamba mtu anaweza kulizaa neno, likakua, likamshinda nguvu yeye aliyelizaa.

Mwaka 1888 mkubwa alikuja juu ya kundi. Mwaka 1905, kwa Hussein, kundi linakuja juu ya mkubwa. Hemedi asingeweza kuiandika hiyo. Na sidhani kama ni tofauti ya vipaji. Hussein aliandika katika Tanzania ya Azimio la Arusha, wakati kila mtu alikuwa anauliza uongozi unatoka wapi, na chuo kilikuwa kimewatuma vijana vijijini kuwauliza wazee wa Nandete badala ya kutosheka na ripoti ya gavana von Götzen.

---

Kijana wa Ilala

Mwalimu, mimi nitawasumbua tena. Hebu tuseme ukweli. Watu walikwenda mbele ya bunduki za rashasha wakiamini risasi zitageuka maji. Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, walikatwa kama majani. Wajerumani wenyewe walikiri vifo 75,000, na Gwassa akakadiria kati ya 250,000 na 300,000. Kiongozi anayewapa watu uongo kama huo, hata kama ni uongo wa kuwaunganisha, ana haki gani? Na mwishoni mwa tamthilia anapewa nafasi ya kusema kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa. Nilipoisoma sekondari nilikasirika sana.

---

Mto Matandu

Mdogo wangu, hasira yako ina haki yake, na kwetu kuna familia zilizobaki na hasira hiyo. Lakini tenganisha mambo mawili.

Idadi hiyo kubwa haikutoka Mahenge. Imetokana na njaa. Wajerumani walipoona watu wameacha kushambulia maboma na kuingia msituni kupigana kwa kuvizia, walichoma vijiji, wakachoma maghala, wakazuia watu wasipande. Kuna kapteni wao, Wangenheim, aliyemwandikia gavana kwamba njaa pekee ndiyo itakayowafanya watu wasalimu amri. Na ndivyo walivyofanya, Umatumbi, Ungoni, Upangwa. Maji hayakuwaua watu hao. Waliuawa kwa mpango ulioandikwa kwenye karatasi.

La pili: maji hayakufa siku ya Mahenge. Wangoni walichukua maji na kuingia vitani, wakaona hayazuii risasi, bado wakaendelea kupigana miezi mingi. Chabruma, mmoja wa wakuu wao, alikuwa bado hajakamatwa mwaka 1906 unapokaribia kwisha. Mkuu mwingine, Mputa Gama, alinyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906 pamoja na makumi ya wenzake, akiwemo mwanamke Nkomanile, aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuyapokea maji Ungoni. Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye. Watu hao walijua wanachokipigania hata baada ya kujua kwamba maji ni maji. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea kuomba msamaha, na ukoo wa Mbano bado unadai fuvu la mzee wao.

---

Mwalimu wa Shairi

Kijana wa Ilala, nikujibu kwa tamthilia yenyewe. Ofisa wa Kijerumani hamtaki Kinjeketile aseme ukweli. Anataka tamko. Akisema maji yalikuwa uongo, tamko hilo halitabaki kwenye maji. Kesho watoto wataambiwa kwamba wazee wao walikosea kupigana, kwamba kukataa kutawaliwa kulikuwa kosa, na shahidi ni Kinjeketile mwenyewe. Yeye anaona hivyo. Anajua neno lake limewaponza watu, Hussein hamsafishi hata kidogo, na bado anakataa kumkabidhi mtawala neno la mwisho.

Ningependa uisome tena ukiwa na umri huu. Halafu tazama nani anateswa pamoja naye: Kitunda, mtu wa vitendo, aliyekuwa na mashaka tangu mwanzo. Hussein amewaweka wawili hao gerezani makusudi, wasikubaliane hadi mwisho.

---

Kivuko cha Bweni

Turudini Mrima kidogo. Mwanamrima, kama kundi lilikuwa na nguvu hivyo, kwa nini lilimwacha Abushiri afe peke yake?

---

Mwanamrima

Mkuu, hilo ndilo swali la haki kabisa, na jibu lake ni Abushiri mwenyewe kupoteza kile kilichompa mamlaka.

Mwanzoni aliwahitaji wote. Lakini vita vina gharama. Watu wa kundi hawakukaa kambini, walirudi mashambani na kwenye misafara. Abushiri akalazimika kutafuta fedha: wasafiri wa Kizungu Hans Meyer na Oscar Baumann, waliokuwa wanarudi kutoka Usambara, walikamatwa, wakatiwa minyororo, wakaachiwa kwa fidia. Aliwalinda mapadre wa misheni ya Bagamoyo na kujadiliana nao. Alifanya mapatano ya kusimamisha vita na Wissmann. Hayo ni mambo ya mkubwa anayetafuta nafasi mezani, na wengi walimwona hivyo. Tarehe 8 Mei 1889 Wissmann akaivunja boma yake karibu na Bagamoyo kwa mizinga. Julai Pangani ikatwaliwa.

Abushiri alikuwa ameshakimbilia bara na kukiharibu kituo cha Mpwapwa, kisha akafanya lililommaliza: akawaleta Wambunga, ambao watu wa pwani waliwaita Mafiti, washuke kupigana. Walishuka wakipora na kuchoma vijiji vya Uzaramo. Vijiji vilevile ambavyo mwaka mmoja nyuma vilikuwa upande wake. Kuanzia hapo hakuwa na pa kulala. Jumbe mmoja, Magaya, alimkamata na kumkabidhi, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa Pangani.

Mlinganishe na Bwana Heri bin Juma wa Saadani. Huyu hakuokota mamlaka katika vurugu za Septemba. Alikuwa na mizizi yake Uzigua, na Unguja haikuwahi kumtawala kwa kweli. Saadani ilipigwa mizinga, akahama. Boma likavunjwa, akajenga jingine ndani zaidi, akafuatwa tena. Alipigana hadi watu wake wakakosa chakula, na Aprili 1890 akaja kusalimu amri. Wissmann hakumnyonga. Alimrudisha Saadani, kwa sababu alihitaji mtu ambaye watu wangerudi kujenga mji kwa neno lake, na kampuni nzima haikuwa na mtu kama huyo.

Miaka minne baadaye, 1894, Bwana Heri akaasi tena. Akashindwa, akavuka kwenda Unguja.